MLANGO WA BARAZA: NANI AINGIE, NANI ABAKI NJE?



Mtoto wa kwetu, kabla hajajua kusoma wala kuhesabu, hufundishwa kupiga hodi. Akifika mlangoni kwa jirani husimama kando, asichungulie ndani, apige hodi mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Akiambiwa "karibu" huingia. Asipojibiwa hurudi alikotoka pasi na kununa. Adabu hii tumefundishwa katika Surat An-Nur, na wazee wetu wakaitia katika malezi hata ikawa kama pumzi. Lakini tusisahau kuwa adabu hiyo ina pande mbili. Mgeni ana wajibu wa kupiga hodi, na mwenye nyumba naye ana wajibu wake. Mlango unaobishwa na mwenye haki, kisha ukanyamaza kwa makusudi, hauna adabu hata kama umechongwa nakshi za Unguja kutoka juu hadi chini.

Leo tunataka kuzungumza nawe juu ya mlango mmoja mkubwa, nao ni mlango wa ukumbi ambamo sheria za nchi hutungwa. Huenda ukasema, "Mimi mlango huo unanihusu nini? Si mbunge, wala sina haja ya kuwa mbunge." Subiri kidogo. Kila sheria inayokugusa, ya kodi, ya shule, ya ardhi, ya ndoa na mirathi, imepita mbele ya watu walioruhusiwa kuuvuka mlango huo, na aghalabu imewaumiza zaidi wale waliozuiwa nje. Kwa hiyo khabari ya nani anaingia na nani anabaki nje ni khabari yako na ya watoto wako.

Tumechagua kukusimulia khabari za Baraza la Makabwela la Uingereza, lililoko Westminster, London. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni zake za mlangoni ni za zamani na zimeandikwa, kwa hiyo twaweza kuzifuata karne kwa karne. Pili, Waingereza walipotawala huku kwetu walikuja na kanuni hizo ndani ya masanduku yao, na mabunge yetu yakazirithi. Na jina "makabwela" lisikughuri, msomaji. Kwa karne nyingi waliokaa humo walikuwa watu wenye ardhi na mali. Waliitwa hivyo kwa kuwa tu hawakuwa malodi.

MFALME ALIPOINGIA BILA YA HODI

Tarehe 4 Januari 1642, Mfalme Charles wa Kwanza alikwenda Westminster pamoja na kundi la watu wenye silaha. Alikuwa na ugomvi mkubwa na Bunge juu ya kodi, juu ya dini na juu ya nani aliamuru jeshi. Watu wake aliwaacha mlangoni, na mlango ukaachwa wazi ili waliokuwamo ndani wazione panga. Yeye akaingia ukumbini akakiendea kiti cha Spika. Alikuja kuwakamata wajumbe watano: John Pym, John Hampden, Denzil Holles, Arthur Haselrig na William Strode.

Wajumbe wale walikuwa wamepata khabari mapema, wakatoka na kushuka mtoni, wakapanda mashua. Mfalme akaangaza macho asiwaone. Akamuuliza Spika, William Lenthall, wako wapi. Lenthall alipiga magoti mbele ya mfalme wake, kama ilivyokuwa desturi, lakini jawabu lake halikuwa la mtu aliyepiga magoti. Alisema kuwa mahali pale hana macho ya kuonea wala ulimi wa kusemea ila kama Baraza litakavyomwelekeza, kwani yeye ni mtumishi wa Baraza. Mfalme akatoka mikono mitupu. Kabla ya mwaka ule kwisha nchi ilikuwa vitani, yeye na Bunge lake, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa.

Tangu siku ile hapana mfalme wala malkia wa Uingereza aliyeingia katika ukumbi wa Makabwela wakati wa kikao. Bunge linapofunguliwa rasmi, mtawala hukaa katika ukumbi wa Malodi, kisha humtuma afisa wake anayeitwa Mshika Fimbo Nyeusi kwenda kuwaita Makabwela. Afisa huyo anapokaribia, mlango hufungwa mbele ya uso wake kwa kishindo. Hapo hana budi kugonga mara tatu kwa fimbo yake, kisha ndipo afunguliwe. Watalii hutazama jambo hilo na kucheka, wakiona ni mchezo wa wazee. Lakini wewe, uliyelelewa kwa kupiga hodi, utafahamu maana yake mara moja: hata mwenye taji, akifika kwenye baraza la watu, sharti abishe.

Na silaha nazo haziingii. Mpaka leo, mahali ambapo wajumbe hutundika makoti yao, kila mmoja ana utepe wake wa kutundikia upanga, ingawa zama za panga zimekwisha pita. Upanga hukaa nje kama viatu vyetu vikaavyo nje ya msikiti.

Hii ndiyo kazi ya kwanza ya kanuni za mlangoni, nayo ni kazi njema, kwani humzuia mwenye nguvu asiwatishe wale wanaoshauriana. Mtu hawezi kutoa rai yake kwa haki na panga ziko mlangoni. Lau kanuni zote za mlango ule zingekuwa za namna hii, tungesifu tu tukanyamaza. Lakini sivyo.

KIAPO KILICHOFANYWA KUFULI

Mjumbe aliyechaguliwa hawezi kukaa wala kupiga kura mpaka ale kiapo. Hilo peke yake si baya. Lakini maneno ya kiapo yalitungwa ili yawe kufuli. Tangu karne ya 17 viapo vilitungwa kwa namna ambayo Mkatoliki hakuweza kuvitamka bila ya kuikana imani yake. Watu wa Ireland, ambao wengi wao ni Wakatoliki, wakawa wanatawaliwa na Bunge ambalo mtu wa dini yao hawezi kukaa ndani yake.

Mwaka 1828 wakili mmoja Mkatoliki, Daniel O'Connell, aligombea uchaguzi huko Clare, Ireland, akashinda. Sheria haikumzuia kugombea; ilimzuia kukaa. Serikali ikaogopa kuwa Ireland nzima itawaka moto, na mwezi Aprili 1829 ikapitishwa sheria ya kuwafungulia Wakatoliki. Hata hivyo, O'Connell alipofika ukumbini mwezi Mei mwaka huo alipewa kiapo kile cha zamani, kwa hoja kuwa yeye alichaguliwa kabla ya sheria mpya. Akakikataa, na ikamlazimu arudi kwa watu wake akachaguliwe tena. Alikaa kitini mwezi Februari 1830.

Baada ya Wakatoliki walibaki Mayahudi. Kiapo kilimalizikia kwa maneno yaliyomtaka mtu aape kwa imani ya kweli ya Mkristo. Mwaka 1847 watu wa Jiji la London walimchagua Lionel de Rothschild, Myahudi, tajiri wa benki. Mwaka 1850 alifika mezani, akaomba aape kwa Agano la Kale, akayasema maneno yote isipokuwa yale ya mwisho, akaambiwa atoke. Mara kwa mara Makabwela walipitisha mswada wa kubadili kiapo, na mara kwa mara Malodi waliukataa. Wapiga kura wake nao hawakuchoka. Kila uchaguzi ulipokuja walimrudisha. Myahudi mwengine, David Salomons, alithubutu mwaka 1851 kukaa na kupiga kura bila ya kutamka maneno yale, akatozwa faini ya pauni 500. Rothschild aliketi tarehe 26 Julai 1858, baada ya miaka 11 ya kusimama mlangoni, akaapa hali amefunika kichwa chake kama ilivyo desturi yao.

Twaa funzo hapa, ndugu msomaji. Maneno yaliyomfungia nje Myahudi yangemfungia nje na Mwislamu, ila wakati ule hapakuwa na Mwislamu aliyechaguliwa na watu akaja kubisha. Haki aliyoipigania mtu wa dini nyengine ilikuja kuwa haki yetu. Mwaka 1997 Mohammad Sarwar, mzaliwa wa Pakistani, alichaguliwa huko Glasgow, akawa Mwislamu wa kwanza katika Baraza la Makabwela, akaapa kwa Kurani Tukufu. Mtu asiseme basi, "Wakizuiwa wale mimi inanihusu nini?" Mlango unaofungwa leo kwa sababu ya dini ya jirani, kesho utafungwa kwa sababu ya dini yako.

TUNDU LA DARINI

Sasa tuje kwa wanawake. Katika karne ya 18 wanawake waliweza kukaa katika roshani ya wageni wakasikiliza. Tarehe 2 Februari 1778 wakatolewa, na baada ya hapo roshani ile ikawa haramu kwao kwa muda mrefu.

Lakini mtu mwenye hamu ya kusikia hatafuti kiti kizuri. Ukumbi wa zamani wa Makabwela, uliokuwa kanisa la Mtakatifu Stephen, ulikuwa na thurea kubwa ya mishumaa, na juu yake darini palikuwa na tundu la kutolea joto na moshi. Wanawake wakubwa wa London, wake na mabinti wa watu wenye vyeo, walikuwa wakipanda darini gizani, wakalizunguka tundu lile na kuchungulia chini. Waliviona vipara vya wajumbe, wakavuta moshi wa mishumaa, na wakasikia mambo ya dola nusunusu. Ndiyo iliyokuwa roshani yao mpaka jumba lile lilipoungua moto tarehe 16 Oktoba 1834.

Jumba jipya lilipojengwa wanawake walitengewa roshani yao, juu kabisa nyuma ya kiti cha Spika. Lakini mbele yake ukawekwa wavu mzito wa chuma ili wanaume walioko chini wasiwaone. Joto likawa kali na kuona kukawa kwa shida. Wakakaa nyuma ya chuma kile zaidi ya miaka 60, na hali sheria zilizotungwa chini yao zilihusu mali zao, watoto wao na mishahara yao.

Tarehe 28 Oktoba 1908 wanawake wawili, Muriel Matters na Helen Fox, waliokuwa katika chama cha kudai kura ya wanawake, waliingia katika roshani ile wakiwa na minyororo chini ya nguo zao. Wakajifunga kwenye wavu na kuanza kupaza sauti wakidai haki. Watumishi wa Bunge hawakuweza kuifungua minyororo ile, ikabidi wang'oe vipande vya wavu pamoja na wanawake wenyewe, wakawatoa nje hivyohivyo mpaka akapatikana fundi wa kuikata. Wavu uliowekwa ili wanawake wasionekane ukawafanya waonekane dunia nzima.

Mwengine, Emily Wilding Davison, alifanya jambo la kimya zaidi. Usiku wa kuhesabu watu, tarehe 2 Aprili 1911, alijificha ndani ya kabati katika kanisa dogo lililo chini ya jumba la Bunge. Alitaka serikali inapoandika kila mtu alilala wapi, yeye aandikwe kuwa alilala Bungeni. Asubuhi akakutwa, na kweli akaandikwa. Tafakari hali hiyo: mtu kujificha kabatini ili karatasi ya serikali ikubali kuwa yeye naye yumo nchini!

Wavu uliondolewa mwezi Agosti 1917. Mwezi Novemba 1918 ikapitishwa sheria ya kuwaruhusu wanawake kugombea, na tarehe 1 Desemba 1919 Nancy Astor akawa mwanamke wa kwanza kukaa kitini katika Baraza lile. Mwaka 2010 waliingia Waislamu wanawake kwa mara ya kwanza, watatu kwa pamoja: Shabana Mahmood, Yasmin Qureshi na Rushanara Ali. Tangu tundu la darini mpaka hapo ni safari ndefu, na hapana hatua yake hata moja iliyotolewa kwa hisani. Kila moja ilibishiwa hodi.

NANI HUYU MNAYEMWITA MGENI?

Katika Baraza lile kila asiyekuwa mjumbe wala mtumishi wa Bunge aliitwa kwa neno lenye maana ya mtu baki, asiye wa humo. Mjumbe yeyote aliweza kusimama na kusema kuwa ameona watu baki, na Spika akalazimika kuwatoa wote waliokuwa wakisikiliza, na waandishi wa magazeti pamoja nao. Watu waliowachagua wajumbe wale, waliolipa kodi na kupeleka watoto wao vitani, wakawa ndio watu baki katika nyumba iliyojengwa kwa fedha zao!

Kanuni hiyo ilidumu karne nyingi bila ya kutikiswa sana. Kisha mwezi Aprili 1875 mjumbe mmoja wa Ireland, Joseph Biggar, akaitumia siku ambayo Mwana wa Malkia mwenyewe, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, alikuwa amekaa rishani kusikiliza. Spika hakuwa na hila. Kanuni ni kanuni. Mrithi wa taji akatolewa pamoja na watu wengine. Kabla mwaka haujakwisha kanuni ikabadilishwa, ikawa mjumbe mmoja peke yake hawezi tena kuwatoa wasikilizaji mpaka Baraza lipige kura.

Angalia tabia ya binadamu. Kanuni ilipowatoa watu wadogo iliitwa desturi takatifu. Ilipomgusa mtoto wa mfalme ikaonekana mara moja kuwa ina kasoro. Ama neno lenyewe la "watu baki", hilo lilibaki katika lugha rasmi ya Baraza mpaka mwaka 2004, ndipo wakakubaliana kusema "wananchi".

MGENI WA MIEZI MITANO

Tulisema kuwa kanuni hizi zilikuja kwetu. Kenya ilipoundiwa Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1907, waliokaa humo walikuwa Wazungu. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, baada ya miaka 37 ya Waafrika kutungiwa sheria na watu wengine. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Kenya huru, Grace Onyango wa Kisumu, aliingia mwaka 1969. Utaona kuwa mlango ulikuwa uleule, ila ulihama kutoka ukingo wa mto Thames ukaja kusimamishwa Nairobi. Na miongoni mwa kanuni zilizokuja nao ni hiyo ya watu baki: asiye mbunge wala mtumishi wa Bunge haingii ukumbini.

Tarehe 7 Agosti 1919 hapakuwa na mwanamke hata mmoja katika Bunge la London. Miaka 100 kamili baadaye, tarehe 7 Agosti 2019, Bi. Zuleikha Hassan, Mwakilishi wa Wanawake wa Kaunti ya Kwale, binti wa pwani yetu, aliingia ukumbini Nairobi hali amembeba mwanawe mchanga wa miezi mitano. Alieleza kuwa siku hiyo alipata dharura, hakuwa na wa kumwachia, na hakutaka kuikosa kazi. Ukumbi ukachafuka, hawa wakipiga kelele na wale wakijibu. Aliyekuwa akikalia kiti cha Spika wakati huo, Christopher Omulele, akamwamuru atoke na mtoto, na kwamba anaweza kurudi akiwa peke yake. Baadhi ya wabunge wanawake wakatoka pamoja naye.

Kwa mujibu wa kanuni, msomaji, mtoto yule alikuwa mtu baki. Hakuwa mbunge wala mtumishi wa Bunge. Na sisi hatutaki kuwa madhalimu kwa aliyekuwa kitini. Alikuwa na kanuni mkononi, na kazi ya kiti ni kulinda kanuni. Wala hatusemi kwamba kila mbunge aje na wanawe ukumbini. Mahali pa kushauriana panataka utulivu, na kura zinapohesabiwa ni lazima ijulikane nani ni mjumbe na nani siye.

Lakini tuulize swali tulilouliza tangu mwanzo: kanuni hii iliwekwa imzuie nani? Iliwekwa kwa ajili ya mfalme na panga zake, kwa ajili ya mpelelezi, kwa ajili ya mtu wa mtaani atakayejipenyeza akapiga kura isiyo yake. Mtoto wa miezi mitano hana upanga, hana siri atakayoibeba, hana kura atakayoiiba. Kanuni ilimtaja mtoto, lakini aliyetoka ukumbini ni mama, pamoja na sauti ya watu wa Kwale waliomchagua. Nchi hiyohiyo ilikuwa imekwisha pitisha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inayowataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea watoto. Lau mahali hapo pangekuwa tayari mlangoni pa waliotunga sheria hiyo, siku ile ingepita kama siku nyengine, kanuni ikabaki na heshima yake na mama akabaki kitini kwake.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Mwenye nyumba akitaka kanuni ya mlango iheshimiwe, kwanza atengeneze baraza ya kumpumzisha mgeni. Kumfungia mtu mlango bila ya kumwekea hata kiti cha nje ni kumwambia kuwa hakutakiwa tangu mwanzo.

NA BARAZA ZETU JE?

Ni rahisi kuwacheka Waingereza na tundu lao la darini. Lakini nyumba usiyolala ndani hujui hila yake, na nyumba tunayoijua ni yetu. Basi tujitazame.

Kinapokaa kikao cha mirathi katika ukoo, dada wa marehemu na mabinti zake wako wapi? Mafungu yao yametajwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Surat An-Nisaa, hapana mwanadamu wa kuyafuta. Hata hivyo mara ngapi umeona wanaume wamekaa barazani na karatasi, na wenye haki wamesimama nyuma ya pazia, wakitega sikio, wakipata maneno nusunusu? Hilo pazia lina tofauti gani na tundu la darini? Mwisho wa kikao huletewa karatasi na kuambiwa, "Tia sahihi hapa, bibi, mambo yamekwisha." Hatuzungumzii stara, stara tunaijua na tunaiheshimu, na yaweza kuhifadhiwa hali mwenye haki anasikia kila neno na anajibu. Tunazungumzia kuificha dhuluma nyuma ya stara.

Inapokaa kamati ya madrasa, mama ambaye ndiye anayemwamsha mtoto alfajiri na kumsomesha tena usiku huulizwa rai yake? Kijana aliyesoma hesabu akitaka kuuliza khabari ya fedha za msikiti, huambiwa nini? Je, haambiwi kuwa yeye ni mtoto, hayo ni mambo ya wazee? Ni kweli, penye wazee haliharibiki neno. Lakini wazee waliosema hivyo walikuwa wakisikiliza kabla ya kusema. Na upande wa pili, tajiri wa mtaa akija kikaoni amekasirika na wafuasi wake wamejaa mlangoni, yuko nani miongoni mwetu atakayemjibu kwa adabu, kama Lenthall aliyepiga magoti, kuwa hapa hatuna macho wala ulimi ila kwa haki?

Kwa hiyo, ndugu msomaji, tunakupa kipimo kimoja uende nacho nyumbani. Ukikuta kanuni yoyote mlangoni, iwe ya Bunge, ya chama, ya msikiti au ya ukoo, usiulize kwanza ni ya zamani kiasi gani wala nani aliitunga. Uliza: leo inamzuia nani? Ikiwa inamzuia mwenye nguvu asimtishe mnyonge, ishike kwa mikono miwili, hata kama watu wataicheka kama wanavyomcheka yule mwenye fimbo nyeusi. Ikiwa inamzuia mwenye haki asiisikie khabari yake mwenyewe, basi hiyo si adabu ya mlango, na ni wajibu wako kuubisha. Na uubishe kwa hodi ya wazi, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kama Rothschild aliyerudi miaka 11, wala usichoke. Nawe ukiwa ndiwe uliye ndani, usingoje kishindo.

Surat Al-Mujadila inatufundisha kuwa tukiambiwa tufanyiane nafasi katika vikao, basi tufanyiane nafasi, na Mwenyezi Mungu atatupa wasaa. Tazama jinsi mafunzo mawili haya yanavyokamilishana: anayekuja apige hodi, na aliyekaa asogee. Likikosekana la kwanza ni fujo, na likikosekana la pili ni dhuluma.

Mwenyezi Mungu azifanye baraza zetu ziwe mahali pa haki, na milango yetu iwe ya kuwalinda wanyonge. Amin.